SOMO LA KIKUNDI: MAMBA WA ZAMANI WA RUSINGA



Hebu tuanze na swali. Umeenda korongoni kuchota mchanga baada ya mvua, ukaokota kijiwe kilichochongoka kama jino. Utakifanyia nini? Wengi wetu tutakitupa. Kumbe huenda ni jino kweli, na mwenye jino alikufa yapata miaka milioni 18 iliyopita!

Wakati huo Ziwa Victoria halikuwapo. Palikuwa na mlima wa volkano, Kisingiri, ambao mabaki yake ni vilima vya Gwasi, Gembe na Rangwa. Majivu yake yalifunika mifupa ya wanyama, nayo polepole ikageuka mawe. Mifupa ya namna hiyo huitwa visukuku. Iko Rusinga, Homa Bay, na Karungu, Migori.

Mmoja wa wanyama hao wa Rusinga ni mamba, yaani nyang' kwa Kiluo. Mwaka 1978 wataalamu walimpa jina la Pigott, ofisa wa kikoloni aliyepata visukuku huko Karungu mwaka 1909. Ajabu ni kwamba Pigott mwenyewe, yasemekana, aliliwa na mamba! Tangu 2013 mnyama huyo anaitwa Brochuchus pigotti.

Aliishije? Alikuwa mdogo kuliko mamba wetu wa leo. Meno ya mamba ni ya kushika, si ya kutafuna. Hukamata windo na kumeza mapande. Naye huhitaji maji. Basi mahali palipo na mifupa ya mamba, hata kama leo ni pakavu, zamani maji hayakuwa mbali. Mfupa ukihamishwa ovyo, habari hiyo inapotea. Ukiletwa nyumbani unabaki jiwe tu.

Ukiona kisukuku fanya hivi:

1. Usikichimbue wala kukigonga.
2. Weka alama, uandike ni wapi na lini.
3. Mwambie chifu, habari zifike Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Sheria ya mwaka 2006 inataka anayegundua kisukuku atoe taarifa.
4. Usimuuzie mpita njia. Ni urithi wa wote.

Maswali ya kujadiliana:

1. Ni makorongo gani kwetu yanayoonyesha mifupa ya mawe?
2. Watoto wetu wanaochunga huko, nani atawafundisha?
3. Tukichimba mchanga au mtaro, nani kati yetu atakuwa mwangalizi?