Mashine ya Boti Inaponyimwa Maji

Somo kwa manahodha, wavuvi na wote wasafirio kwa boti

Kila mtu aliyepata kusafiri kwa boti ya mashine, iwe katika Ziwa Victoria au baina ya visiwa vya Lamu, ameona uzi mwembamba wa maji ukiruka kutoka ubavuni mwa mashine iliyofungwa tezini. Abiria wengi hudhani kwamba maji yale ni takataka tu zinazotupwa. Sivyo. Uzi ule ni kama mshipa wa mkono ambao mganga huushika ili ajue hali ya mgonjwa. Ukiruka kwa nguvu, maji yanapanda. Ukipungua, mashine imeanza kuugua. Na ukikatika kabisa, nahodha amebakiwa na dakika chache tu za kuamua ama kuizima mashine yake ama kuipoteza.

Katika somo hili tutaeleza njia ya maji ndani ya mashine, mambo yanayoiziba njia hiyo, na jinsi ya kuizibua kwa utaratibu, tukianza na lililo jepesi na kumalizia kwa lililo gumu. Ziko mashine chache ndogo zinazopozwa kwa upepo. Hizo hazimo katika somo letu.

Njia ya maji

Petroli inapowaka ndani ya silinda, joto lake laweza kupita nyuzi 2,000 za Sentigredi kwa kitambo kidogo sana. Mwili wa mashine umefanywa kwa alumini, nayo alumini huyeyuka kwa nyuzi 660. Kama joto lile lisingeondolewa kila mara, mashine isingedumu. Gari huchukua maji yake katika rejeta, lakini boti haina haja ya rejeta kwa kuwa inaelea juu ya maji. Yenyewe huyavuta maji ya bahari au ya ziwa, huyapitisha mwilini mwake, kisha huyatupa yakiwa yamebeba joto.

Maji huingia chini, karibu na rafadha, kupitia vitundu vyenye kichujio. Juu yake kidogo imo pampu, na ndani ya pampu limo gurudumu dogo la mpira lenye mapanga laini. Gurudumu hilo huzungushwa na shafti ile ile inayoizungusha rafadha, nalo huyasukuma maji yapande kwa bomba jembamba hata kichwani mwa mashine. Huko maji huzizunguka silinda kwa vijia vidogo, na katika mashine nyingi hukutana na mlango mdogo uitwao themostati. Mlango huo hufunguka wenyewe maji yapatapo joto la kadiri ya nyuzi 50 au 60, kwa kufuata aina ya mashine. Maji mengi hutoka pamoja na moshi, na machache hutoka kwa kile kitundu cha ubavuni ili yatoe habari kwa nahodha.

Mambo yanayoziba

Kila mahali pana adui wake. Katika Ghuba ya Winam adui ni magugu maji, ambayo tangu miaka ya 1990 yamewasumbua sana wavuvi wa Kisumu na Homa Bay. Mizizi yake hujisokota na kufunika vitundu vya kuingilia maji. Penye mikoko adui ni tope. Penye fungu ni mchanga, ambao hauzibi tu, bali hulisaga gurudumu la mpira hata mapanga yake yakawa mafupi. Siku hizi umezidi pia mfuko wa plastiki, ambao hujibandika juu ya kichujio mfano wa kitambaa juu ya mdomo wa mtungi.

Lakini adui aliye mpole kuliko wote, naye ndiye auaye mashine nyingi zaidi za pwani, ni chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi ipatayo gramu 35, yaani kadiri ya vijiko viwili vya mezani. Mashine inapozimwa ikiwa ya moto, maji yaliyobaki vijiani hukauka na chumvi hubaki. Leo haionekani, baada ya miezi mingi imekuwa jiwe. Mwisho, hata mdudu hushiriki: nyigu mwenye kujenga kwa udongo huona kitundu cha ubavuni ni nyumba nzuri, hasa mashine ikikaa juma zima bila kazi.

Yakitokea safarini

Tuchukue mfano. Boti yatoka Faza kwenda Lamu, imemchukua mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu. Maji yanakupwa, na nahodha anafanya haraka ili aupite mkondo wa Mkanda kabla kina hakijapungua. Amechelewa kidogo, na rafadha yake inavuruga tope. Mzee mmoja aliyeketi karibu na tezi atazama ubavuni mwa mashine, kisha asema, "Nahodha, maji hayatoki."

"Tumekwisha karibia, mzee," ajibu nahodha. "Tukisimama hapa maji yatatukimbia."

"Mwanangu, tukisimama sasa tutapoteza dakika kumi. Mashine ikifa humu, tutalala juu ya tope hata maji yarudi, na huyu mama hawezi kungoja."

Maneno ya mzee ni hesabu, wala si woga. Mashine iliyokosa maji haiongezi mwendo kwa sababu ya shida ya abiria. Baada ya dakika chache gurudumu la mpira litaungua, pistoni zitatanuka na kushikamana na silinda, na mashine itanoki. Hapo hakuna nahodha wala fundi awezaye kuiwasha tena mle mkondoni. Basi nahodha wa mfano wetu amtii mzee, naye afanya kwa utaratibu kama ifuatavyo.

Kwanza, azima mashine, atia nanga, na achomoa kamba ya usalama ili mashine isiweze kuwaka mkono wa mtu ukiwa karibu na rafadha.

Pili, aingiza kipande cha mshipi mnene wa kuvulia, au waya laini, katika kitundu cha ubavuni, akikisukuma na kukivuta taratibu. Kijiti cha kiberiti hakifai, maana hukatikia ndani na kuongeza taabu.

Tatu, ainua mashine na kuvitazama vitundu vya chini. Kama pana mfuko, magugu au tope, aondoa kwa mkono na kusugua kwa brashi.

Nne, angoja mashine ipoe kidogo. Asiimwagie maji baridi ili kuharakisha, kwa kuwa chuma cha moto kikipozwa ghafula huweza kupinda au kupasuka.

Tano, aishusha penye maji safi, aiwasha bila gia, na kutazama. Maji yakitoka kwa nguvu ndani ya muda mfupi, aendelea polepole, jicho lake likiwa tezini. Yasipotoka, aizima tena. Kazi iliyobaki si ya baharini. Ni wakati wa kutweka tanga, kushika kasia, au kuita msaada kwa simu. Kwa hiyo boti ya mashine isiyo na kasia ni boti nusu.

Ushahidi wa kitundu

Hapa pana jambo linalowapoteza wengi. Kitundu cha ubavuni ni shahidi, lakini si shahidi wa kila jambo. Huenda kikazibwa chenyewe, hali mashine imepoa vizuri. Ndiyo sababu tumeanza nacho. Na huenda kikatoa maji, hali themostati imekwama au vijia vya silinda vimejaa chumvi, maana katika mashine nyingi maji ya kitundu hayapiti themostati. Kwa hiyo usitazame wingi wa maji peke yake. Yakinge kwa kiganja kwa tahadhari: yakiwa vuguvugu, ni vyema; yakiwa ya moto hata mkono hauvumilii, au yakitoka na mvuke, zima mashine ijapokuwa uzi wenyewe ni mzuri.

Kazi ya nchi kavu

Mashine ikiisha kufika pwani, ifunge wima katika pipa la maji matamu, maji yavifunike vizuri vitundu vya kuingilia. Ni afadhali rafadha iondolewe. Fanya kazi hii mahali pa wazi, kwa sababu moshi wa mashine una sumu isiyo na harufu. Wala usiiwashe mashine kavu hata kidogo, ati wasikiliza tu sauti. Gurudumu la mpira hulainishwa na maji, na likikosa maji huungua upesi sana.

Kama katika pipa maji hayapandi, hapana budi kuitazama pampu. Tenganisha kwanza fimbo ya gia, fungua skrubu zinazoshika sehemu ya chini, na uishushe taratibu. Ufunguapo kifuniko cha pampu, tazama mapanga ya gurudumu. Yakiwa yamepinda na kukauka, au ncha zake zimelika, tia gurudumu jipya. Na ikiwa panga moja limekatika, usiseme, "Nimekwisha kuona kosa," ukafunga. Kipande kile kimekwenda wapi? Kimepanda na maji, nacho huenda kimekaa ndani ya bomba au mbele ya themostati. Kitafute mpaka ukipate, la sivyo gurudumu jipya litakuwa halisukumi kitu.

Litiapo gurudumu jipya, lipake grisi kidogo ifaayo kwa mpira au maji ya sabuni, na uizungushe shafti upande ule ule inaozungushwa na mashine, ili mapanga yalale upande wake. Kile kijipande cha chuma kinacholishika gurudumu shaftini kisisahauliwe. Kisha, wakati wa kuirudisha sehemu ya chini, hakikisha kwamba bomba la maji limeingia sawasawa katika mpira wake. Mafundi wengi wamekosea hapa: pampu mpya, kazi nzuri, lakini bomba limekosa kituo chake, na maji yote yamwagika njiani. Kwa hiyo ijaribu mashine pipani kabla ya kuipeleka baharini.

Kama pampu ni nzima, enda kwenye themostati. Itoe, ifunge kwa uzi, uitie katika sufuria ya maji yenye kupata moto. Nzima hufunguka kabla maji hayajachemka, na ikipoa hufunga tena. Isiyofunguka itupwe. Lakini usiitoe moja kwa moja ukaiacha mashine bila hiyo, kama wafanyavyo baadhi ya watu. Mashine yenye baridi kupita kiasi haichomi petroli vizuri. Plagi huingia uchafu na mafuta huliwa bure.

Vijia vikiwa na chumvi iliyoganda, vikwangue taratibu kwa kijiti, si kwa ncha ya bisibisi. Changanya siki na maji matamu nusu kwa nusu, yajaze vijiani, yaache kwa muda wa saa moja, kisha suuza kwa maji mengi. Maji ya betri yasitumike kamwe, kwa kuwa huila alumini yenyewe. Ufungapo vifuniko, tia gasketi mpya.

Kinga

Kazi yote hii ngumu yaweza kuepukwa kwa kazi ndogo ya kila siku. Mashine irudipo kutoka baharini, na iwashwe pipani katika maji matamu kwa muda wa dakika kumi au kumi na tano, ili hata themostati ifunguke na chumvi ioshwe kila mahali. Kisha isimamishwe wima mpaka maji yote yachuruzike. Twajua kwamba katika visiwa vingi maji matamu ni ya thamani, na watu wa Lamu waliojenga majabia ya kukingia mvua hawahitaji kufundishwa jambo hilo. Lakini pipa la lita 200 lililokatwa kwa kimo cha kutosha laweza kutumiwa kwa zamu na boti kadhaa, na maji yabadilishwe yaanzapo kuwa ya chumvi ulimini. Wavuvi wakishirikiana, mzigo huwa mwepesi.

Gurudumu la mpira litazamwe kila mwaka, na mapema zaidi penye mchanga na tope. Na katika kila boti pawe na kikoba chenye gurudumu la akiba, plagi, spana zinazofaa, koleo, bisibisi, grisi, na kipande cha mshipi. Vyote hivyo haviujazi hata mkono.

Tumesema mengi, lakini mwenye kusahau mengine na alikumbuke hili moja: ukiona uzi wa maji umekatika, zima kwanza, uliza baadaye. Wako watakaokuharakisha, na huenda haraka yao ina sababu njema, kama ile ya mama wa Faza. Kwa sababu hiyo hasa usiwasikilize. Wamekutegemea uwafikishe, nawe waitegemea mashine. Nayo mashine haina ulimi mwingine wa kukuambia habari zake ila yale maji machache yatokayo ubavuni. Tahadhari ni kabla ya athari.