Parkinson: Mzee Asiachwe Kitini

Mkono wa mzee ukianza kutetemeka, hatua zake zikafupika na miguu ikawa inaburuta, familia nyingi humpokonya jembe, zikamwekea kiti kivulini na kumwambia asijisumbue. Nia ni njema, tena ni heshima. Hata hivyo, kiti hicho humzidishia ugonjwa. Parkinson, ambayo daktari Mwingereza James Parkinson aliieleza mwaka 1817, hutokana na kufa polepole kwa seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia ubongo kuanzisha mwendo na kuupa ukubwa wake. Dopamini ikipungua, mwili hukakamaa na mgonjwa hupiga hatua ndogo huku akidhani ni ya kawaida. Si uchawi, wala si uzee tu. Sasa mtu huyo akishinda amekaa, misuli hulegea, viungo hukaza na tumbo hufunga choo, na haya yote huongezwa na kiti juu ya yale ya ugonjwa wenyewe.

Ushahidi upo. Mwaka 2019 watafiti wa Uholanzi walitoa matokeo ya wagonjwa 130 waliofuatiliwa kwa miezi 6. Walioendesha baiskeli isiyosogea, nyumbani kwao, dakika 30 hadi 45 mara 3 kwa wiki, dalili zao za mwendo zilizorota kwa kiasi kidogo kuliko za wenzao walionyoosha viungo tu. Huko Marekani, utafiti wa mwaka 2012 uliohusu wagonjwa 195 ulionyesha kuwa mazoezi ya taratibu ya Kichina yaitwayo tai chi yalipunguza kuanguka. Mazoezi hayaponyi Parkinson, na asiyekunywa dawa ya levodopa aliyoandikiwa kwa sababu anatembea kila siku anajidanganya. Wakati mzuri wa mazoezi ni pale dawa imeshaanza kufanya kazi mwilini.

Kuna watakaosema hayo ni ya Wazungu, kwamba mzee wa hapa Subukia, Nakuru, amepanda na kushuka miteremko hii maisha yake yote. Ni kweli, lakini ugonjwa wenyewe upo kwetu Afrika Mashariki pia: katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uchunguzi wa nyumba kwa nyumba kwa watu wapatao 161,000 ulipata wagonjwa 33, wengi wao hawajawahi kuambiwa wanaugua nini. Na palizi, pamoja na uzuri wake, hufanywa mtu akiwa ameinama, kwa mwendo mdogo unaozidi kupungua. Parkinson inataka kinyume chake: mgongo wima, mikono irushwe kwa makusudi, hatua ndefu, na pumzi ipande kiasi kwamba mtu anaweza kuongea lakini hawezi kuimba.

Hofu ya kuanguka ina uzito zaidi, hasa mvua inaponyesha na njia za mteremko zinapojaa matope. Dawa yake ni kuchagua mahali: uwanja wa shule au kanisa, au ua uliosawazishwa, viatu vya kufunga badala ya kandambili, na mtu wa kutembea kando yake. Miguu ikiganda mlangoni, kama inavyotokea sana, usimvute mkono, ukimvuta ataanguka. Mwache asimame kwanza, ahamishe uzito kutoka mguu huu hadi ule, kisha avuke mstari uliochorwa sakafuni kwa chaki huku akihesabu kwa sauti kubwa: moja, mbili. Mstari na hesabu huupa ubongo njia nyingine ya kuanzisha hatua, na sauti iliyofifia nayo hupata zoezi. Nyumbani, kuinuka kitini na kuketi tena mara kadhaa huimarisha mapaja, mradi kiti ni kigumu na kimeegemezwa ukutani.

Mwenye maumivu ya kifua, au anayepatwa na kizunguzungu akisimama, aonwe kwanza na daktari. Wengine wote muulizeni mtaalamu wa fiziotherapia kwenye hospitali ya karibu, au katika hospitali ya rufaa mjini Nakuru, zoezi linalomfaa mgonjwa wenu, kisha pangeni zamu nyumbani nani atatembea naye siku gani.