Kamba ya nkambo: somo la nyuzi za shamba

Siku ya posho moja ya mwezi wa tano tulipanda pikipiki asubuhi, tukatoka Likasi kwenda upande wa mto Lufira. Haikuwa safari ya kazi. Nkambo wa mmoja wetu anaishi huko, na miaka miwili ilikuwa imepita bila kumsalimia. Tulibeba chumvi, sabuni na sukari. Tulibeba pia kamba mpya ya nailoni, tukifikiri itamsaidia kufunga mbuzi.

Nkambo alipokea vyote kwa furaha. Lakini kamba aliigeuza-geuza mkononi, akacheka: "Bana bangu, munaniletea miye kamba? Miye njo fundi ya kamba!" Akatupeleka nyuma ya nyumba. Kulikuwa na shimo la maji, na ndani yake mafungu ya mashina yamelala chini ya mawe. Aliyaloweka karibu wiki mbili mbele ya sisi kufika.

Tulirudi mjini siku ya Mungu jioni, mikono imechubuka, na somo hili ndilo tulilorudi nalo.

Kwa nini tunalizungumzia

Kila msimu koperative zetu zinatoa makuta kwa kamba: ya kufunga mifuko ya mahindi, ya kusimamisha nyanya, ya kufunga mbuzi. Uzi wa plastiki unakatika kwa jua na vipande vyake vinabaki shambani. Mbuzi akivuta sana, unamkata mguu.

Wengine wanakwenda porini kutoa ganda la miti ya miombo. Kamba yake ni nzuri, lakini ganda likizungushwa na kutolewa pande zote za shina, mti unakufa, kwa sababu chakula kinachotoka kwenye majani kwenda kwenye mizizi kinapita ndani ya ganda hilo. Kandokando ya Likasi pori limekwisha kupungua sana kwa ajili ya makala. Tusilimalize kwa kamba, wakati kamba inaweza kulimwa.

Mimea mitatu ya kuanzia

*Punga.* Mnaijua, hata kama hamjui jina: maua madogo ya pinki, na mbegu zenye miiba midogo zinazoshika kwenye nguo ukipita njiani. Nchi za nje wanaiita juti ya Kongo, kwa sababu zamani ililimwa hapa kwetu kwa wingi ili kushona magunia.

*Ngai-ngai.* Tunakula majani, kisha mashina tunayachoma. Ngai-ngai ni jamaa moja na punga, bamia na pamba, na ganda la shina lake lina nyuzi nzuri. Chagueni ile inayokwenda juu bila matawi mengi.

*Mkonge.* Unafaa kwa uzio wa shamba. Unangoja kama miaka mitatu au minne mpaka kukata majani ya kwanza, lakini baada ya hapo unavuna kwa miaka mingi. Hauhitaji kuloweka: jani linakwanguliwa kwa kisu kisicho na makali, juu ya ubao. Maji yake yanawasha ngozi na yanaua samaki, basi msioshee mtoni.

Hatua za kazi, kama nkambo alivyotuonyesha

1. *Kupanda.* Panda punga au ngai-ngai mvua zikianza kushika, mwezi wa 11. Panda kwa kubanana. Mimea ikibanana inatafuta jua, inakwenda juu bila matawi, na nyuzi zinakuwa ndefu. Mbegu ya punga ina ganda gumu: isugue kwanza na mchanga.

2. *Kukata.* Kata maua ya kwanza yakifunguka. Ukikata mapema nyuzi ni dhaifu; ukichelewa zinakuwa ngumu kama mti. Lakini shina lililokatwa kwenye maua halitoi mbegu. Acha mstari mmoja wa pembeni ukomae. Nkambo hajawahi kukata mstari wake wa mbegu, hata miaka ya shida.

3. *Kuloweka.* Acha mafungu siku mbili majani yadondoke, kisha yazamishe kwenye shimo la maji, juu uweke mawe. Kuanzia siku ya 8, angalia kila siku: vunja shina moja, vuta ganda. Likiachana na mti wa ndani bila kung'ang'ania, toa yote siku hiyohiyo. Mwezi wa sita na wa saba, kwenye baridi yetu ya mita karibu 1,300 juu ya bahari, maji yanafanya kazi polepole, basi ongeza siku.

4. *Kuosha na kuanika.* Vuta nyuzi, zioshe mpaka ute uishe, zianike juu ya kamba au mti, si chini kwenye udongo.

5. *Kusokota.* Gawa nyuzi mafungu mawili. Kila fungu lisokote kwenye paja kwenda mbele, kisha yaache mawili yajizungushe pamoja kurudi nyuma. Kila moja linataka kufunguka kwa upande wake, na hapo ndipo yanapokabana. Fungu likikaribia kuisha, ongeza nyuzi mpya, lakini usiongeze kwenye mafungu yote mawili mahali pamoja, kwa maana kamba itakatikia hapo.

Tulipokosea

Hatua ya tatu tunaisisitiza kwa sababu ilitushinda. Mwaka jana tulijaribu kwenye bustani yetu ya mafunzo. Kazi nyingine zikatubana, tukaacha mashina majini wiki nne. Tulipoyatoa, nyuzi zilikatika kama karatasi iliyolowa. Tulimwambia nkambo. Hakutuhurumia: "Bana ya leo muko na mbio ku kuanza, na munasahabu ku kumaliza. Kamba haipendaka vile."

Kosa lingine ni kuloweka mtoni. Mashina yakioza yanamaliza hewa ya maji, samaki wanakufa, na watu wa chini wanakunywa uchafu. Chimbeni shimo mbali na kisima. Maji yake ya mwisho mwageni kwenye shimo la mboji.

Na kamba ya kisima, au ya kubeba mtu, msifanye na nyuzi hizi mpaka mmeipima sana. Ikikaa kwenye maji, inaoza.

Si kazi ya bamama peke yao

Kwenye mikutano tunasikia wanaume wakisema kusokota na kusuka ni kazi ya wanawake. Jamaa nyingi za Likasi zilitoka Kasai kuja kazi ya migodi. Waulizeni wazee wao: kwa Wakuba, wanaume ndio wanaofuma nguo ya rafia, na wanawake wanaidarizi.

Wazee wengine wanakataa kwa sababu nyingine, na tuwasikilize. Tangu 1917 serikali ya Wabelgiji iliweka kilimo cha lazima, hasa cha pamba, na aliyekataa aliona jela. Mtu aliyekua katika hadithi hizo hawezi kufurahia neno "zao la nyuzi". Lakini hapa hakuna anayelazimishwa, na kamba ni ya nyumba yako. Anzeni na matumizi yenu. Ikibaki, ndipo muulize bei sokoni.

Kazi ya mkutano ujao

1. Kila mwanachama aandike kamba aliyonunua msimu uliopita, mita ngapi na franka ngapi. Jumlisheni.
2. Ni nani katika jamaa zenu anayejua kusokota, kusuka kitunga au mkeka? Andikeni kijiji na umri wake.
3. Chagueni vijana wawili waende kukaa naye siku mbili, wakiwa na chumvi na sukari mkononi.

Swali la pili msilicheleweshe. Nkambo wetu ana binti watatu, wote wako mjini, na hakuna aliyejifunza. Katika kijiji chake wengine waliojua wamekwisha kufa. Siku ya Mungu, tukifunga mizigo, alifungua kitambaa akatupa mbegu za punga zilizojaa viganja viwili. Mbegu hizo alizitoa kwa mama yake.

"Mukipanda," alisema, "murudie mwezi ya ine, nione kama mulibananisha."

Tumezigawa mara tatu. Fungu moja liko kwenye bustani yetu. Mawili yanangoja koperative mbili za kwanza zitakazotuletea majibu ya maswali hayo, kabla ya mvua.