Iyafoni na Hedifoni za Kila Siku: Kuchagua za Bei Nafuu Zisizoumiza Sikio

Iyafoni ni kifaa cha kusikilizia kinachokaa ndani ya tundu la sikio au mlangoni mwake. Hedifoni huvaliwa kichwani, kwa utepe unaobana vikombe viwili juu ya masikio. Vyote viwili hufanya kazi kwa njia moja: umeme mdogo unaotoka kwenye simu au redio hupita katika koili ya waya iliyo karibu na sumaku, koili hutikisika, nayo hutikisa utando mwembamba unaosukuma hewa hadi kwenye ngoma ya sikio. Utaalamu huu ni wa zamani na sehemu zake ni chache. Ndiyo maana kifaa cha bei ndogo kilichoundwa kwa uangalifu huweza kutoa sauti safi kuliko cha bei kubwa kilichojaa taa na mapambo.

Simu kwanza

Msikilizaji wa Mkotokuyana, au wa kijiji kingine chochote cha wilaya za Nachingwea na Ruangwa mkoani Lindi, anapaswa kuanza na simu aliyonayo kabla ya kufika dukani. Vitochi vingi, yaani simu ndogo za vitufe, na simu janja nyingi za bei ya chini zina redio ya FM, na kwa kawaida redio hiyo hutegemea waya wa iyafoni kuwa antena yake. Waya usipochomekwa, simu huandika kwamba iyafoni haipo na redio haiwaki. Mawimbi ya FM, yaliyo kati ya megahezi 87.5 na 108, yana urefu wa mita tatu hivi, na waya wa mita moja na ushei hutosha kuyanasa. Waya mfupi sana huyanasa vibaya, na vivyo hivyo waya mrefu uliokunjwakunjwa na kufungwa kwa mpira mfukoni. Mahali palipo mbali na mnara, kuunyoosha tu waya hadi begani huondoa mikwaruzo mingi. Vipo vitochi vyenye antena ya ndani, lakini navyo hunasa vizuri zaidi vikipata waya.

Kwa hiyo anayetaka kufuatilia mechi ya timu ya Namungo kutoka Uwanja wa Majaliwa huku akiokota korosho, au taarifa ya habari ya usiku, ana sababu nzuri ya kubaki na iyafoni za waya. Zile za Bluetooth hazina waya wa kunasa mawimbi, na kwenye simu nyingi redio haitafunguka kwa msaada wake. Anayesikiliza nyimbo, kaswida au mahubiri yaliyohifadhiwa kwenye memori kadi hana kizuizi hicho.

Kinachofuata ni pini. Tundu la mviringo lililozoeleka lina upana wa milimita 3.5. Pini yenye mistari miwili myeusi ni ya kusikilizia tu, na yenye mistari mitatu ina maikrofoni ya kupokelea simu. Baadhi ya simu janja mpya hazina tundu hilo, na huhitaji iyafoni ya Type-C au adapta. Adapta hazifanani: inayofanya kazi kwenye simu moja huweza kuwa bubu kwenye nyingine, hivyo ijaribiwe kwenye simu ya mnunuzi mwenyewe na si ya muuzaji. Kwenye boksi wakati mwingine huandikwa omu. Kwa simu, omu 16 hadi 32 ndizo zinazofaa. Hedifoni za studio zenye omu 250 na zaidi, ambazo mara mojamoja hupatikana kwenye mitumba ya vifaa vya umeme, zitatoa sauti ya chini mno hata simu ikipandishwa hadi mwisho.

Kukaa sikioni

Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea, kwa kuwa maumivu ya sikio hayajionyeshi dukani. Kifaa kinachovalika vizuri kwa dakika mbili huweza kuanza kuuma baada ya nusu saa, pale gegedu la sikio linapochoka kubanwa. Yapo maumbo manne makuu, na kila moja lina tabia yake katika joto la Lindi.

Iyafoni ya plastiki isiyo na mpira, inayoning'inia tu kwenye kibonde cha sikio, ndiyo ya zamani na ndiyo nyepesi. Haizibi sikio, hewa inapita, na mwenye kuivaa husikia mtu akimwita. Besi yake ni ndogo, na kwenye sikio dogo hudondoka kila baada ya hatua chache. Ile yenye kifuniko cha mpira laini huingia ndani ya tundu na kuziba. Hutoa besi nzuri na kupunguza kelele za nje, ila hukusanya jasho, na msuguano wa waya kwenye nguo husikika kama mikwaruzo ndani ya kichwa.

Ya mpira inaponunuliwa huwa na jozi mbili au tatu za ukubwa tofauti. Wengi hutumia ile iliyokuja imevalishwa na kuzitupa nyingine, kisha hulalamika kwamba iyafoni haina besi. Jaribio lake ni jepesi. Wimbo ukiwa unacheza, iyafoni isukumwe taratibu kwa ncha ya kidole. Ikiwa besi inarudi ghafla, mpira ni mdogo na hauzibi. Ikiwa haibadiliki na sikio halina shinikizo, ukubwa ni sahihi. Masikio ya mtu mmoja huweza kutofautiana, na si ajabu kushoto kukahitaji mpira wa kati na kulia mdogo.

Umbo la tatu ni hedifoni ndogo yenye sponji, inayokaa juu ya sikio bila kulifunika lote. Umbo hili lilienea baada ya Sony kuuza Walkman mwaka 1979, kicheza kaseti cha mfukoni kilichokuja na hedifoni nyepesi badala ya zile nzito za sebuleni. Koss ya Marekani ilitoa Porta Pro mwaka 1984 na inaendelea kuiuza mpaka leo karibu bila mabadiliko, jambo lisilo la kawaida katika biashara ya vifaa vya sauti. Kwa mtu anayekaa kivulini au barazani mahali penye joto, umbo hili ni vigumu kulishinda: sponji hupitisha hewa, uzito ni mdogo, na sponji ikichakaa hubadilishwa kwa bei ndogo. Udhaifu wake ni kwamba sauti huvuja, na jirani kwenye basi atasikia kila kitu.

Umbo la nne ni hedifoni kubwa inayofunika sikio lote. Kwenye picha ndiyo inayovutia kuliko zote. Miezi ya Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, vikombe vyake vilivyovikwa ngozi ya bandia hujaa mvuke, na ngozi hiyo hubanduka vipande vyeusi vinavyoganda shavuni. Anayevaa ushungi au kofia, au aliyesuka nywele, ajaribu hedifoni akiwa amevaa hivyohivyo, kwa sababu utepe unaotosha kichwa kitupu huweza kubana sana juu ya kitambaa. Miwani nayo hubanwa kati ya kikombe na fuvu, na maumivu hujitokeza nyuma ya sikio.

Bei na udumu

Bei inayofaa kulinganishwa ni ya mwaka mzima. Tuseme iyafoni moja inauzwa shilingi 3,000 na hufa kila baada ya miezi miwili: kwa mwaka mnunuzi hutoa shilingi 18,000. Nyingine ya shilingi 12,000 ikidumu mwaka huo wote, ndiyo ya bei nafuu. Kinachotofautisha hizo mbili mara nyingi si spika bali waya, na waya hukatika karibu kila mara sehemu moja, shingoni mwa pini. Shingo nzuri ina mpira mrefu unaopinda taratibu. Shingo mbaya ni plastiki ngumu ambamo waya huchomoza ghafla. Pini iliyopinda kama herufi L hudumu kuliko iliyonyooka kwa mtu anayeweka simu mfukoni anapotembea au kuendesha baiskeli.

Dukani au gulioni, iyafoni ichomekwe kwenye simu na wimbo unaofahamika uchezwe. Waya upindwepindwe karibu na pini na karibu na kila sikio. Sauti ikikatika au kukwaruza, ibaki mezani. Pande zote mbili zisikike sawa, na sauti za watu zieleweke kabla ya kusifu besi. Maneno makubwa kwenye boksi kuhusu besi na wati hayapimwi na mtu yeyote pale dukani.

Jina la kampuni maarufu kwenye boksi la bei ya kutupa ni dalili ya bidhaa bandia. Simu bandia zilizimwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) katikati ya Juni 2016, na hilo liliwezekana kwa sababu kila simu ina namba yake ya IMEI inayoweza kukaguliwa. Iyafoni haina namba ya namna hiyo, na kinga ya mnunuzi ni jaribio lake na risiti. Tume ya Ushindani ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia nchini, na malalamiko bila risiti hayana pa kushika. Iyafoni isiyo na jina lolote, inayouzwa kwa bei yake ya kweli, si bandia, na baadhi yake ni nzuri.

Iyafoni iliyokatika hutengenezeka. Fundi simu hukata waya juu ya sehemu iliyovunjika na kulehemu pini mpya. Nyuzi za ndani zimepakwa vanishi ya rangi, kwa kawaida nyekundu kwa upande wa kulia na kijani au buluu kwa kushoto, na vanishi hiyo isipounguzwa kwanza lehemu haishiki. Kazi hiyo ina maana kwa kifaa cha shilingi elfu kumi na zaidi. Kwa cha elfu mbili, gharama ya fundi hukaribia ya kipya.

Zisizo na waya

Iyafoni za Bluetooth zinaondoa tatizo la waya na kuleta la betri. Vipande viwili vidogo vinavyokaa ndani ya kiboksi, kwa aina za bei ya chini, huenda saa tatu hadi tano kisha hurudishwa kuchajiwa, na betri zake ndogo huchoka baada ya mwaka mmoja au miwili bila njia ya kuzibadilisha. Kwa nyumba inayotegemea sola ndogo, kila kifaa cha kuchaji ni mzigo wa ziada. Kipande kimoja kikidondoka kwenye majani ya mkorosho, kimekwenda. Aina inayozunguka shingo ina betri kubwa zaidi, haipotei kirahisi, na kwa mtu asiyehitaji FM ndiyo chaguo lenye busara kati ya hizi. Alama ya IPX4 ina maana kwamba kifaa kinahimili michirizi ya maji, na hivyo jasho pia. Haina maana kwamba kinaweza kuogewa.

Sauti kiasi gani, na wapi

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila kuhatarisha usikivu. Kwa watoto kiwango ni desibeli 75 kwa saa hizohizo. Kila desibeli tatu zinazoongezeka hukata muda huo kwa nusu: desibeli 90 huruhusu saa nne kwa wiki, na desibeli 100 dakika 20 tu. Simu ya kawaida haionyeshi desibeli, hivyo kipimo cha vitendo ni kutovuka asilimia 60 ya mwisho wa sauti. Ikiwa mtu aliye umbali wa mkono anapaswa kupaza sauti ili asikike, sauti imezidi.

Kelele za nje ndizo zinazomfanya msikilizaji apandishe sauti bila kujua. Kwenye basi la kwenda Masasi au karibu na mashine ya kukoboa, iyafoni ya mpira inayoziba vizuri hulinda sikio kwa kuwa sauti hubaki chini. Anayevaa upande mmoja tu naye huelekea kupandisha, maana sauti ileile husikika kubwa zaidi kwa masikio mawili. Wakati wa kupulizia salfa kwenye mikorosho, iyafoni zivuliwe kabisa. Ngurumo ya injini ya mashine ya kupulizia iliyo mgongoni inahitaji kinga ya masikio, na unga wa salfa huingia kwenye sponji na kubaki ukigusa ngozi. Barabarani nako, mwendesha bodaboda na mtembea kwa miguu hutegemea masikio kutambua lori lililo nyuma yao. Kwa safari hiyo hakuna aina ya iyafoni inayopendekezwa.

Usafi

Mipira ya iyafoni ivuliwe na kuoshwa kwa maji ya sabuni mara moja kwa wiki, ikauke kabla ya kurudishwa. Wavu mdogo wa spika usafishwe kwa mswaki mkavu huku ukielekezwa chini, ili nta isisukumwe ndani. Kuazimana iyafoni za kuingia sikioni huhamisha vijidudu, na sikio lenye unyevunyevu muda mrefu huota fangasi kwa urahisi. Sikio linalowasha au kutoa usaha lisiwekewe kifaa chochote, wala kuchokonolewa kwa pamba au njiti.

Seli za sikio la ndani zinazopokea sauti zikifa hazioti tena. Mwenye mlio masikioni usiokwisha siku iliyofuata, au anayeanza kuwaambia watu warudie maneno, aache kutumia iyafoni na afike kituo cha afya kilicho karibu, ambako atapimwa au kupewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya.