Weka Siku, Weka Saa: Jinsi ya Kuinusuru Gemu ya Zamani

Quake III Arena ilitoka Desemba 1999, na mpaka leo wapo wanaorushiana roketi kwenye ramani ya q3dm17. Mwaka 2005 id Software, kampuni ya Texas iliyoitengeneza, iliachia msimbo wake kwa leseni ya GPL, na wapenzi wake wakautumia kuunda ioquake3, toleo linalofanya kazi kwenye kompyuta za sasa. Lakini msimbo hauiti watu. Seva inaweza kukesha mwaka mzima bila kupata mchezaji.

Gemu hufa hivi: mmoja anaingia saa mbili usiku, anakuta patupu, anasubiri kidogo, anatoka. Mwenzake anaingia saa mbili na robo. Wote wawili wanalala wakijua gemu imekwisha. Kwa hiyo, kabla hujalipia seva, chagueni siku moja ya wiki na saa moja, na msiibadilishe. Ikiwa ni Ijumaa saa tatu usiku, ibaki hivyo hata mkijikuta wawili.

Ili anayewahi asikute ukiwa, andika kwenye faili la mipangilio ya seva: set bot_minplayers 4. Seva itaweka wachezaji wa kompyuta mpaka wafike wanne. Kila binadamu akiingia, mmoja wao anampisha. Makali yao yanapangwa kwa g_spSkill, kuanzia 1 hadi 5. Weka 2.

Mgeni ndiye wa kumwangalia zaidi. Anakutana na watu wenye miaka ishirini ya mazoezi, anauawa kila anapotokea, na hatarudi. Nakuomba mkongwe utumie kitu ambacho wengi wamekisahau: kwenye mipangilio ya mchezaji kuna handicap. Ishushe hadi 50, na afya yako ya juu pamoja na madhara ya risasi zako vitapungua kwa nusu. Kisha mfundishe mgeni kuruka kwa roketi: aelekeze bomba miguuni, aruke na kufyatua kwa wakati mmoja. Itamgharimu afya, lakini atafika juu ambako ngazi hazifiki. Akishaweza hilo, Ijumaa ijayo utamwona.

Mafaili nayo yana masharti. Ioquake3 haiji na ramani wala sauti. Hizo zimo ndani ya pak0.pk3, faili la nakala iliyonunuliwa, unaloliweka kwenye folda ya baseq3. Usiligawe. Kundi lisilo na uwezo wa kununua litumie OpenArena, ambayo ni ya bure na ina picha na sauti zake yenyewe.

Pia msitegemee orodha moja ya seva. GameSpy, huduma iliyoorodhesha seva za gemu, ilipofungwa mwaka 2014, gemu nyingi zilipoteza njia ya kuwakutanisha wachezaji, ingawa seva zenyewe zilikuwepo. Kila mwenzenu awe na anwani ya seva yenu, pamoja na mlango wa UDP 27960, aingie moja kwa moja kwa amri ya \connect. Mkiwa mji mmoja, kutaneni mahali pamoja: swichi na nyaya zinatosha. Kutoka Dar es Salaam hadi seva ya Ulaya, data hutumia zaidi ya milisekunde 100 kwenda na kurudi, na kwenye gemu ya kasi hii utaziona.

Ambao gemu yao haikuachiwa msimbo wana safari ndefu. City of Heroes, gemu ya mtandaoni, ilizimwa na kampuni yake, NCSoft, Novemba 2012. Seva za wachezaji zikajitokeza hadharani 2019, na Januari 2024 kundi la Homecoming likapewa leseni rasmi. Kama mnapita njia hiyo, changeni gharama za seva tu, msiuze chochote, na ombeni ruhusa.

Mwisho, nywila za seva ziwe kwa watu wawili au zaidi. Mwenye seva huugua, huhama, huishiwa. Nakala za mipangilio na ramani zikae kwenye diski ya mtu mwingine, na kila baada ya miezi michache mmoja wenu ajaribu kuiwasha seva upya kutokana na nakala hizo peke yake.