NYOTA MZEE NA MWENZIWE

Yapasa ijulikane ya kwamba nyota nazo zina ujana na uzee. Nyota iliyo mfano wa jua ikisha kuzeeka hufura ikawa kubwa mno na nyekundu, na mvuto wake ukadhoofika upande wa juu. Hapo hewa yake na vumbi hutoka, kwa mwendo wa kiasi cha kilomita 5 hata 20 kwa kila sekunde.

SUALA: Nyota ni mviringo kama tufe, mbona hewa itokayo kwake haiwi mviringo vilevile?

JAWABU: Kwa sababu aghlabu nyota hiyo haikai peke yake. Inaye mwenziwe, nyota ndogo au sayari, na wawili hao huzunguka kitovu kimoja. Basi nyota mzee hutoa hewa hali ya kuwa yenyewe yazunguka, na mwenziwe huivuta hewa ile akaikusanya. Mwenza akiwa mbali, hewa hujizinga mfano wa kamba iliyozongwa juu ya sitaha ya jahazi. Akiwa karibu, huenda ikabanwa ikawa bapa kama sahani.

SUALA: Ni ipi dalili ya maneno haya?

JAWABU: Mwaka 2006 ilitangazwa picha ya nyota LL Pegasi, iliyopigwa kwa darubini ya Hubble, na mizingo yake yaonekana wazi. Baina ya mzingo na mzingo ni kiasi cha miaka 800, ndiyo muda wa wawili hao kuzungukana mara moja. Hapana mtu awezaye kuingoja miaka hiyo, lakini hewa imeiandika. Tena mwaka 2020 Leen Decin wa Ubelgiji na wenziwe walieleza habari za nyota wazee walizozitazama kwa darubini za ALMA, nchi ya Chile. Hapana hata moja ambayo hewa yake ilikuwa mviringo kamili.

SUALA: Kuna faida gani kulijua hili?

JAWABU: Mwenye kuhesabu hewa itokayo akadhani ni mviringo, na kumbe mwenza yuko amefichika, hesabu yake hukosea, na ikikosea hiyo, hukosea na hesabu ya umri uliobakia wa nyota. Mwaka 2019 ilidhihirika kwamba nyota mbili zilizodhaniwa kupoteza hewa kupita kiasi zilikuwa na wenza, na kiasi kile kilikuwa kimezidishwa.

Jua nalo litaufikia uzee huo baada ya kiasi cha miaka 5,000,000,000. Halina nyota mwenza, lakini linazo Mushtari na Zuhali, nazo huenda zikaichora hewa yake mzingo dhaifu. Basi mwenye kutazama nyota asihukumu kwa king'aacho peke yake, bali aangalie na athari ya kile kisichoonekana.