WACHUKUZI WA MIZIGO KATIKA NJIA MBILI ZA KIGALI

Nchi ya Rwanda haina pwani. Bidhaa zitokazo ng'ambo hushushwa melini katika bandari za nchi nyingine, kisha huchukuliwa kwa malori hata Kigali, mji mkuu wake.

Njia kubwa ni mbili. Ya kwanza yatoka Mombasa, yapita Nairobi, yaingia Uganda penye mpaka wa Malaba, yapita Kampala, na kufika Rwanda penye mpaka wa Gatuna. Ya pili yatoka Dar es Salaam, yapita Morogoro, Dodoma na Singida, na kuvuka mto Kagera kwa daraja la Rusumo. Kila njia yazidi kilometa 1,400. Basi lori la njia ya kwanza huvuka mipaka miwili, na la njia ya pili mmoja tu.

Kwa hiyo makampuni ya wachukuzi ya nchi hizi hushindana. Mfanyi biashara wa Kigali huuliza mambo matatu: Ujira ni kiasi gani? Mzigo utafika siku gani? Je, utafika salama? Mchukuzi asiyeweza kujibu vema hukosa kazi. Mashindano haya yana faida, kwa maana ujira ukizidi, bei ya vitu dukani huzidi pia, na mnunuzi ndiye alipaye.

Lakini mashindano yasiyo na sheria huharibu. Mtu aweza kupakia kupita kiasi apate kutoza ujira mdogo kuliko wenzake. Lori lake huvunja barabara, nayo hutengenezwa kwa fedha za watu wote, hata wasio na lori. Ndiyo sababu nchi za Afrika Mashariki zilipatana kwamba hata lori kubwa kabisa, pamoja na shehena yake, lisizidi tani 56. Na mizani imewekwa njiani.

Serikali nazo huweza kushindana. Mwaka 2013 Rwanda ilipandisha ushuru wa barabara kwa malori ya Tanzania, kutoka dola 152 hata dola 500, kwa sababu malori yake yalitozwa dola 500 huko Tanzania. Wapiganapo tembo, nyasi huumia: waliolemewa ni wenye malori na wenye mizigo. Baadaye nchi hizo zikapatana dola 152 kila upande.

Tena, Februari 2019 malori yalizuiwa kupita Gatuna, yakaelekezwa Kagitumba, njia iliyo ndefu zaidi. Gatuna ikafunguliwa tena 31 Januari 2022. Hapo ndipo watu walipoona faida ya kuwa na njia ya pili. Kwa maana nyumba yenye milango miwili, mmoja ukifungwa, wenyeji hawakosi pa kupita.

MASWALI
1. Taja miji iliyo katika kila njia.
2. Kwa nini mzigo uliozidi kiasi ni hasara kwa mtu asiye na lori?
3. Kama ungekuwa mfanyi biashara wa Kigali, ungechagua njia ipi? Toa sababu.